Up, off, out: kuwafundisha Waitaliano Kiingereza cha jikoni na cha wodini

Mwitaliano aliyemaliza sekondari ana akiba kubwa ya maneno ya Kiingereza kabla hata hajaanza kujifunza. Yale marefu yaliyotoka Kilatini au Kifaransa anayatambua kwa kuyaona tu: continue, tolerate, discover, abandon, investigate. Mpe gazeti la London asome habari za bunge, ataambulia mengi. Mketishe na Waingereza wawili wanaopiga soga jikoni, atapotea, na yatakayompoteza ni maneno mafupi kuliko yote: get, put, up, off, out. Ndivyo ninavyowapokea wanafunzi wangu hapa Padova, kaskazini mwa Italia, watu wazima wanaokuja darasani jioni wakitoka kazini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni hapo.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Waitaliano walianza kutuzoea tangu miaka ya 1960, wataalamu wao wa anga walipokuja kujenga kituo cha San Marco upande wa Ngomeni, na baada yao wakaja watalii, wenye hoteli na wastaafu. Kiitaliano nilikisikia utotoni kabla ya kukisoma, na Kiingereza nilikipata shuleni kama kila Mkenya. Kwa hiyo nafundisha lugha ambayo si ya mama yangu kwa kupitia nyingine ambayo pia si ya mama yangu, na Kiswahili kiko nyuma ya zote mbili. Kiswahili hicho kimenifaa kazini kuliko kitabu chochote cha ualimu nilichowahi kununua.

Kwa asiyevijua vizuri, phrasal verbs ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyoshikana na kijineno kimoja au viwili, na mara nyingi maana yake haipatikani kwa kujumlisha. Give ni toa na up ni juu, lakini give up ni kuacha, kusalimu amri. Vipo kwa maelfu. Mwanafunzi akiambiwa idadi hiyo siku ya kwanza, anavunjika moyo.

Ugumu unatoka wapi? Nimeona ni lazima mtu alijue hili mapema, la sivyo mazoezi yanakuwa ya kubahatisha. Kiitaliano, kama Kiswahili, huutia mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe. Sisi tuna ingia, toka, panda, shuka, vuka, rudi. Wao wana entrare, uscire, salire, scendere, attraversare, tornare. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja cha kwenda na kuuacha mwelekeo nje: go in, go out, go up, go down, go across, go back. Kitenzi kikishapunguziwa mzigo huo, Mwingereza hukitumia kueleza namna ya mwendo: run in, crawl out, limp back. Mswahili atasema aliingia mbio, alitoka akitambaa, alirudi akichechemea. Mwitaliano atasema entrò di corsa, uscì strisciando, tornò zoppicando. Sentensi zetu zimepangwa kwa mpango uleule, neno kwa neno karibu.

Mwanaisimu wa Kimarekani Leonard Talmy alizigawa lugha kwa kigezo hiki katika miaka ya 1980. Niliposoma mgawanyo wake nilifurahi sana, maana ulieleza jambo ninalolisikia kila jioni. Mwanafunzi anaposema she entered running, amefikiri kwa Kiitaliano kilicho sahihi kabisa, na mimi naiona njia aliyopita kwa sababu ndiyo njia yangu pia. Simkemei. Namwonyesha tu kwamba kwa Kiingereza kitu kinakoelekea kinatajwa mwisho, katika kijineno, na kwamba asitafute tafsiri ya kijineno hicho bali aulize: kitu kinakwenda wapi?

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kilinionyesha. Mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba funga, fungua, fungia na fungulia ni mambo manne tofauti. Shina ni moja, tofauti iko kwenye silabi za mwisho, na masikio yetu yamezoea kungoja mwisho wa kitenzi kabla ya kuamua kimesema nini. Mwitaliano naye huusikiliza mwisho, ila kwa sababu nyingine: mwisho wa kitenzi chake humwambia nani ametenda na lini. Maana kuu ameshaipata mwanzoni. Kwa hiyo akisikia take, anadhani habari imefika, anaanza kutafsiri, na off au back inampita akiwa bado anashughulika na take. Nimelishuhudia hili kwa wengi mno kiasi kwamba sasa naanza kozi zote na sikio, kabla ya kuandika neno lolote ubaoni.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Nasema sentensi kwa mwendo wa kawaida, bila kupunguza kasi kwa huruma, nao waandike kijineno peke yake, kitenzi wakiache. She took it off. She took it back. She took it out. She took it down. Mara za kwanza karatasi nyingi huwa tupu. Baadaye wanagundua wenyewe kwamba katika sentensi kama hizi kijineno ndicho kinachokaziwa sauti, na it iliyo katikati karibu imezwe. Hapo sura zao hubadilika, kwa sababu wanatambua kwamba Mwingereza amekuwa akiwasaidia muda wote na wao hawakujua wapi pa kusikiliza.

Kisha tunageuza, wao waseme. Hapa Mwitaliano na Mswahili ni ndugu tena: wote tunapenda neno liishie kwa irabu. Sisi tulichukua bank tukafanya benki. Wao huweka kivuli cha irabu baada ya kila konsonanti ya mwisho, na pick it up inatoka katika vipande vitatu, pika-ita-apa. Dawa yake ni kuiandika kama neno moja, pikitap, na kulisoma kama wangesoma neno la kwao, mkazo kwenye tap. Vivyo hivyo putitof, teikitaut, givitap. Wanaofundishwa kwa tahajia sahihi tu hukawia sana katika hili. Tahajia nawapa baadaye, mdomo ukishazoea. Pia hold on na hang up zinahitaji pumzi ya h ambayo Kiitaliano hakina. Hiyo tunaishughulikia kidogo kidogo, kila somo dakika chache, na si kwa wiki moja nzima mpaka watu wakachoka.

Nafika sasa kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Vitabu vingi vinavyouzwa hapa huanza kwa kumwambia Mwitaliano kwamba phrasal verbs ni kitu kigeni kabisa kwake, kitu ambacho lugha yake haina. Si kweli. Ana andare via, kuondoka. Ana buttare via, kutupa. Mettere giù, kuweka chini. Tirare fuori, kutoa nje. Portare via, kuchukua na kwenda nacho. Mwanaisimu Raffaele Simone aliviandikia katika miaka ya 1990 na kuviita verbi sintagmatici, na wasomi wengine wa Italia wameendelea kuvichambua. Kuna kimoja ambacho dunia nzima hukitamka mgahawani: tiramisù. Tira ni vuta, mi ni mimi, su ni juu. Nivute juu, nichangamshe. Kwa Kiingereza pick me up. Tazama mahali alipokaa mi: katikati, kati ya kitenzi na kijineno, palepale penye me.

Kanuni ya kiwakilishi kukaa katikati, kwamba husema pick it up na si pick up it, huwatesa wanafunzi wa mataifa mengi. Mwitaliano anayo tayari mdomoni mwake: buttalo via ni throw it away, mettilo giù ni put it down, tiralo fuori ni take it out. Na kunapokuwa na nomino kamili, yeye husema butta via la carta, ambayo kwa Kiingereza ni throw away the paper, sahihi vilevile. Anahitaji tu kuambiwa kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu utotoni. Vikibaki vile visivyotenganishwa, look after him, run into her, hivyo ni suala la kuvizoea kimoja kimoja, na si vingi kiasi cha kuogopwa.

Kulikuwa na mama mmoja darasani, mstaafu wa shamba la mizabibu huko upande wa Treviso, aliyekuja kujifunza Kiingereza kwa sababu wajukuu wake wanazaliwa na kukulia Ireland. Alikaa nyuma, mwenye haya, kwa kuwa shule aliiacha mapema na pembeni yake walikuwa wamekaa vijana wa chuo kikuu. Tulipofika kwenye vijineno, akawa mbele ya wote. Lahaja ya Veneto, mkoa wetu huu, aliyoizungumza nyumbani imejaa vitenzi vya namna hii kuliko Kiitaliano cha vitabuni: tirar su, butar via, butar zo, saltar fora. Alikuwa akisikia bring up anasema papo hapo, bila kunitazama, tirar su, kwa maana ya kulea watoto, na ndivyo ilivyo. Kijana wa chuo alikuwa bado anatafuta kitenzi kirefu cha kuweka mahali pake.

“Lakini prof,” mama huyo aliniambia, “hivi ndivyo tulivyosema nyumbani siku zote. Mwalimu wetu alitukataza.”

Maneno yake yalinigusa. Nimesoma katika shule za Kenya, na Mkenya wa rika langu anajua habari ya kibao alichovishwa mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani. Tangu siku hiyo, kikundi kipya kikianza, nauliza nani anajua lahaja, na nawaomba waliojibu wakae mbele. Lugha iliyodharauliwa shuleni imewasaidia watu hawa kuliko kamusi, na nataka waione ikiheshimiwa mbele ya darasa zima.

Baada ya sikio na mdomo, mikono. Ninaamini kwa dhati kwamba maana ya kimwili ya kijineno lazima itangulie ile ya kufikirika, na mahali pazuri pa kuipata ni penye kitu halisi cha kushika. Darasa letu lina jiko dogo la gesi, na kila Mwitaliano ana moka nyumbani kwake, ile birika ya kahawa yenye pembe nane iliyotoka kwa Alfonso Bialetti mwaka 1933. Namwomba mmoja aniongoze kupika kahawa kwa Kiingereza, na mimi nafanya lile tu analolisema. Take it apart. Rinse it out. Fill it up to the valve. Put the filter in. Spoon the coffee in. Screw the top on. Turn on the gas, then turn it down. Na wanangoja kahawa ipande. Kwa Kiitaliano wao wenyewe husema viene su, na Kiingereza husema it's coming up, kijineno kwa kijineno. Take it off before it boils over. Pour it out.

Jambo linalolifanya zoezi hili liwe na uhai ni ubishi. Hakuna Waitaliano wawili wanaokubaliana juu ya moka. Mmoja atasema kahawa ikandamizwe kidogo, na darasa zima litapiga kelele: don't press it down! Mwingine atataka moto uzimwe mapema, turn it off now, wa tatu atabisha, leave it on. Hapo wanatumia vijineno kwa hasira na mapenzi, wakisahau kwamba wako darasani, na nimegundua kwamba maneno yaliyosemwa namna hiyo hayasahauliki. Anayefundisha watu wa kwingine atafute shughuli ambayo wanafunzi wake wanaijua kuliko yeye na wana msimamo juu yake. Kwetu ingekuwa pilau, au namna ya kukuna nazi.

Kutoka kwenye kahawa tunavuka kwenda kwenye maana za mbali. Turn down ya gesi inakuwa turn down ya kazi uliyopewa ukaikataa. Come up ya kahawa inakuwa something's come up, jambo limezuka, siwezi kufika leo. Take apart ya birika inakuwa take apart ya hoja ya mtu. Nawapa mbili au tatu kwa jioni moja, si zaidi, kila moja ikiwa imetoka kwenye kitendo ambacho mikono yao imeshakifanya.

Mwanafunzi aliyenifundisha uzito wa jambo hili alikuwa muuguzi. Alikuwa akijiandaa kwenda kufanya kazi Uingereza, kama wauguzi wengi wa Italia walivyokwenda katika miaka ile. Tangu 2016, baraza la wauguzi la Uingereza limewataka hata wauguzi kutoka Umoja wa Ulaya waonyeshe ushahidi wa Kiingereza, naye alikuwa anasomea mtihani huo. Msamiati wa tiba aliujua wote, maana ni Kilatini na Kigiriki: nausea, syncope, dyspnoea, oedema. Angeweza kuandika ripoti ya mgonjwa bila kamusi.

Lakini mgonjwa hasemi hivyo. Mgonjwa anasema I've been throwing up all night, nimetapika usiku kucha. I can't keep anything down, kila ninachokula kinarudi. It comes on when I lie down, maumivu yanaanza nikilala. The tablets are wearing off, nguvu ya dawa inaisha. The swelling's gone down, uvimbe umepungua. Mzee anasema I think I'm coming down with something, na hilo si la kushuka popote, ni kwamba anahisi ugonjwa unamnyemelea. Na kuna jozi moja ambayo niliiandika ubaoni kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote: pass out ni kuzimia, pass away ni kufariki. Kitenzi ni kilekile. Fikiria muuguzi anayepokea simu kutoka kwa binti wa mgonjwa, akamwambia jambo moja kwa maana ya lingine. Aliyezimia atazinduka, he'll come round. Kwa aliyefariki hakuna neno linalofuata.

Kwa hiyo kwa wiki kadhaa nilikuwa mgonjwa wake. Nilikaa nje ya mlango, asinione uso wala mikono, nikilalamika kwa maneno mafupi tu, naye aliandika kwa Kiitaliano ninachougua. Kisha aliniuliza maswali kwa maneno mafupi yaleyale: When did it come on? Can you keep water down? Has it worn off yet? Nilimsisitizia kwamba mazungumzo na daktari na maandishi ya faili vibaki na maneno yake marefu. Hayo ni mali yake, asiyatupe. Mbele ya mtu mwenye homa, ambaye hana nguvu za kufikiri, ni haki ya mgonjwa kujibiwa kwa lugha aliyoanza nayo.

Historia inasaidia kueleza mgawanyo huu, nami huisimulia kwa ufupi. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na mahakama, Kilatini lugha ya kanisa na elimu, na maneno ya wenyeji yakabaki nyumbani, mashambani na sokoni. Karne zikapita, vyote vikachanganyika, lakini harufu ya ofisi haikuyatoka yale ya juu. Tolerate na put up with zina maana moja kwenye kamusi, kuvumilia. Mdomoni ni watu wawili tofauti. Mwitaliano huchagua lile linalofanana na la kwao, tollerare, na bila kukusudia anaonekana mkavu kwa watu anaotaka kuwa marafiki nao. Wanafunzi wa lugha nyingi hukwepa vitenzi hivi; watafiti Dagut na Laufer waliliona kwa wazungumzaji wa Kiebrania mwaka 1985. Mwitaliano ana kishawishi kikubwa zaidi, kwa sababu lile neno analokimbilia ni sahihi na hakuna atakayemkosoa.

Sasa, wangapi? Wengine hununua kamusi nene za phrasal verbs na kuanza na herufi A. Huwa nawasihi waache. Watafiti Gardner na Davies, mwaka 2007, walipima mkusanyiko wa Kiingereza cha Uingereza wenye maneno milioni 100 na kukuta kwamba phrasal verbs 100 zinazotumika sana zinabeba zaidi ya nusu ya matumizi yote. Mwaka 2015 Garnier na Schmitt walitoa orodha ya 150, pamoja na maana zile tu za kila kimoja ambazo watu huzitumia kweli, na kwa wastani hizo ni kama mbili. Mia na hamsini ni mzigo ambao mtu mwenye kazi na watoto anaweza kuubeba kwa mwaka. Zinazobaki atakutana nazo zikimjia, na sikio lake likiwa tayari atazikisia.

Kuhusu mpangilio nina msimamo mkali. Vitabu hupenda ukurasa mmoja wa get: get up, get on, get off, get over, get by, get away. Ukurasa huo unapendeza machoni na unavuruga kichwa. Vitu vinavyofanana vikifundishwa siku moja hushikana visiachane tena. Put off, kuahirisha, na call off, kufuta kabisa, ndio mfano wangu wa kila mwaka: ukizifundisha pamoja, mwanafunzi atakuwa na shaka nazo hata baada ya miaka. Mimi nazitenga kwa wiki nyingi na kila moja naifunga kwenye jambo lake. Put off ni ya daktari wa meno, I've put it off again. Call off ni ya mgomo wa treni, jambo ambalo Mwitaliano analifahamu vizuri mno: unatangazwa, watu wanapanga safari zao upya, halafu jioni yake unasikia the strike has been called off. Hakuna aliyewahi kuzichanganya baada ya hapo, maana hakuna anayechanganya mgomo na jino.

Ninachoruhusu ni kukusanya vijineno ambavyo wameshakutana navyo, baadaye, ili waone desturi zake. Up mara nyingi hukamilisha: use up, drink up, fill up. Kiswahili hufanya hivyo kwa maneno kama pomoni na kabisa, gunia limejaa pomoni, unga umekwisha kabisa. On huendeleza: carry on, keep on, go on. Off hutenga, na ukitazama vizuri put off na call off zote zinaliondoa jambo mahali lilipokuwa. Desturi hizi hazina uhakika wa kanuni, na mwanafunzi akizigeuza sheria atakwama kwenye mfano wa tatu. Ziwe za kufariji tu, kuonyesha kwamba Waingereza hawakuokota vijineno ovyo.

Wanaofanya B2 First, mtihani wa Cambridge wa Kiingereza cha ngazi ya kati ya juu, watavikuta vitenzi hivi hasa katika sehemu ya kuandika upya sentensi kwa neno walilopewa, maneno mawili hadi matano. Kwao nafanya mazoezi hayo mwishoni, mwezi wa mwisho. Anayeanza na mtihani hujua kujaza nafasi na hawezi kuagiza chai.

Zimebaki zile za maneno matatu, nazo ni chache na zina faida kubwa: put up with, run out of, come up with, get away with, look forward to. Hii ya mwisho inahitaji uangalifu. Mwitaliano husema non vedo l'ora di vederti, siioni saa ya kukuona, yaani nina hamu kubwa ya kukuona, akitumia kitenzi kisichonyambuliwa, na kwa hiyo huandika I look forward to see you. Inatakiwa seeing. Maelezo ya sarufi hayakai, nimeyatoa mara nyingi na hayakai. Kinachokaa ni barua. Kila mwanafunzi huandika barua pepe ya kweli kwa mtu wa kweli: mwenye nyumba atakayopanga Dublin, hoteli ya Edinburgh, shule ya mtoto wake aliye ng'ambo. Tunaisoma pamoja, inatumwa. Majibu yanapokuja, yamejaa vijineno ambavyo hakuna kitabu kilichovipanga: drop the keys off at the bar, we'll sort it out when you check in, let us know if anything comes up. Wanayaleta darasani yamechapishwa, yamepigiwa mistari, wakati mwingine na alama za kuuliza pembeni, na orodha ya wiki inayofuata naitoa humo.